Mwaka Nilioishi na Duka

Watu wanaokuja kunipa pole husema nimempoteza mwenzangu niliyeishi naye tangu ujana, nami naitikia, maana mfiwa hana nguvu za kubishana. Lakini mwaka wa kwanza ningeutoa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu sikuishi na Mwamvua. Niliishi na duka la Bwana Nasoro, hapa hapa Rumonge, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, na Mwamvua aliishi na chungu chake nyumba chache kutoka pale, akinipikia chakula nisichokwenda kukila. Tangu tumzike nakaa barazani kila asubuhi, majirani wananiletea uji, na mwaka ule ndio unaonirudia. Miaka mingine iliyokuwa na raha inakaa kimya. Ule unakuja na kukaa mbele yangu kama mgeni asiyejua kuaga, nami sina budi kumsikiliza.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala ukoo wangu ni upi, wajukuu wameshachoka kuusikia. Naanza dukani. Kilikuwa chumba kirefu cha udongo, kimeezekwa kwa majani ya michikichi, mlango mmoja mbele na dirisha hakuna. Ukiingia kutoka juani ulikuwa huoni kitu, ila pua ilikupokea: mawese, ndagala wakavu, ndio dagaa, chumvi ya Uvinza, na ile harufu ya merikani mpya, nguo nyeupe ya pamba, ambayo hata leo ikinipitia kichwa kinaniuma. Mbele palikuwa na ubao wa kuuzia, umelainika kwa viganja vya watu. Nyuma palikuwa na magunia na robota za nguo, na juu ya robota hizo ndipo tulipolala, mimi na mwenzangu Sudi. Ndiyo ilikuwa desturi ya maduka yote ya mtaa ule. Zamani kidogo wezi walikuwa wametoboa ukuta wa jirani na kubeba kila kitu, kwa hiyo wafanyakazi wa duka walilala na mali. Ikishaswaliwa magharibi, Bwana Nasoro alitutazama tumo ndani, akafunga mlango kwa nje, akapiga kufuli na kuondoka na ufunguo. Alfajiri alitufungulia. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa baya, hata sisi. Ulikuwa ukiulizwa kazi yako ni nini, unasema "mimi ni wa dukani," na mtu anaelewa kwamba huna kwingine.

Sudi alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, mcheshi, na mikono yake iliishia mapema. Hilo la mikono halikuwa jambo dogo. Siku zile nguo ilipimwa kwa mkono: unabana ncha ya kitambaa kwenye kiwiko, unakivuta mpaka ncha ya kidole cha kati, na hapo una mkono mmoja. Mnunuzi alikuwa na haki ya kuchagua apimiwe kwa mkono wa nani. Watu wa milimani, waliokuwa wakishuka na ngozi na siagi na mbuzi wao, walikuwa wanakuja na ndugu yao mmoja mrefu ili awapimie, na wenye maduka nao waliajiri watu wafupi, basi kukawa na zogo kutwa nzima. Mimi sasa, Mungu aliponivuta mikono alisahau kuacha. Mpaka leo nikisimama wima vidole vinakaribia magoti. Siku ya kwanza nilipompimia bibi mmoja kutoka milimani, juu ya kijiji cha Kizuka, alishika kiwiko changu, akafuata mkono mpaka kwenye kidole, akacheka mpaka akakaa chini. "Maboko!" akasema, yaani mikono, na jina likanikaa. Jina langu la Rajabu likazikwa pale pale. Kufikia masika, hakuna mtu wa milimani aliyekuwa tayari kupimiwa na mwingine. Walilipita duka la Mhindi aliyekuwa mkabala nasi, wakalipita la mtu wa Uvira, wakaja kukaa barazani kwetu.

Bwana Nasoro hakuwa mjinga. Aliona nguo inavyotoka nyingi, lakini aliona pia chumvi inavyotoka, na shanga, na majembe. "Mkono wako unanila, Rajabu," aliniambia siku moja, "lakini ndio unaonilisha." Alikuwa Mwarabu mzee kidogo, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nyumba yake ilikuwa Ujiji, na wakeze huko huko. Chakula chetu kilitoka jikoni kwake, ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na siku nzuri mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga, nasi tulikula pamoja naye kwenye sinia moja nyuma ya magunia, kwa zamu, maana ubao haukuachwa peke yake. Alikuwa anamega tonge, analitazama, na kulirudisha. "Masika mbili," alisema mara nyingi, bila kumwambia mtu hasa, "sijala chakula cha mke wangu." Nilikuwa kijana, nikamwona ananung'unika kizee. Sasa namuelewa vizuri mno.

Nilimwoa Mwamvua mwaka huo huo. Alikuwa binti wa watu wa Nyanza, huko kusini, yatima aliyelelewa na mjomba wake. Mtu akioa, kwetu, anakaa fungate: siku saba ndani na mkewe, analetewa chakula, hatoki. Fungate yangu haikufika katikati. Alikuja Sudi mlangoni, aibu tupu usoni, akasema, "Ndugu, unisamehe. Baraza imejaa watu. Wanasema watangoja." Nikatoka nimevaa kanzu ya harusi. Nilidhani ni kwa asubuhi moja tu. Ndivyo inavyokuwa, huondoki nyumbani siku moja ukiwa umeamua. Unatoka kwa asubuhi moja. Nikamwambia Mwamvua nitarudi kula jioni, akapika sombe, kisamvu cha huku kwetu, akaiweka, na jua lilipotua nilikuwa ndani ya kufuli.

Basi ukawa ndio mtindo wetu. Watu wa milimani waliondoka kwao alfajiri wakatufikia alasiri, saa ile ile ambayo mtu mwenye nyumba angeanza kukunja mambo yake. Nilipata ruhusa ya kwenda nyumbani mchana, wakati duka linapoa, lakini mara nyingi nilikuwa sijamaliza kunawa mikono Sudi akanifuata. Mwamvua alijifunza kuzitambua hatua zake uani. Alikuwa akizisikia tu anafunika chungu. Hakugomba. Siku za mwanzo alinitumia chakula dukani, lakini Bwana Nasoro aliona haya, kwamba mtu wa kwake aletewe chakula kana kwamba ananyimwa, basi akaniomba nimwambie aache. Nikamwambia. Akaacha. Jioni moja, tumeshafungiwa, niliwasikia wanawake wa nyumba ya nyuma wakitwanga na kuzungumza, ukuta wa udongo hauzuii neno. "Yule bibi harusi wa dukani," mmoja alisema, "anapika mu chungu kikubwa namna ile, anapikia nani?" Mwenzake akacheka. "Anapikia majirani. Jana watoto yangu walikula kwake. Mume wake ameoa merikani." Sudi alijifanya amelala. Mimi nililala chali juu ya robota nikitazama giza, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya wale wanawake.

Nilikuwa nimechoka. Nalisema hivyo hivyo, maana sijapata neno kubwa zaidi. Si uchovu wa jembe unaoisha ukilala. Kiwiko kilikuwa kimechubuka kwa kubana nguo, bega limekufa ganzi, lakini kilichochoka zaidi ni macho. Nilikuwa siwaoni tena watu, naona viganja vinavyosukuma vitu ubaoni. Na Sudi naye alikuwa amechoka kwa upande wake, uchovu wa kukaa bure. Kutwa alicheza bao barazani. Nilimwonea wivu, mpaka siku aliyoniambia, "Weye unatafutwa mpaka unakosa usingizi. Mimi nakosa usingizi kwa kungoja niambiwe rudi Ujiji. Hakuna mutu anauliza Sudi iko wapi." Tulikaa tukiitazama mikono yetu, yake na yangu, kama vile tungeweza kubadilishana.

Ramadhani ikaingia. Mwezi mzima nilifuturu kwa tende za Bwana Nasoro, na Mwamvua alifuturu peke yake. Mwishoni mwa mwezi, mchana mmoja nilipokimbilia nyumbani mara moja, alinikalisha mkekani. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia siku nyingine. "Mjomba anakuja baada ya Idi, na mtumbwi, kuleta mawese. Atafikia hapa. Ataona mkeka wako haujalaliwa. Ataniuliza, na mimi sitamdanganya, yeye ndiye aliyenilea. Akisema twende, nitakwenda." Nikamwambia mambo yatabadilika. Akaniuliza yatabadilishwa na nani. Papo hapo hatua za Sudi zikasikika uani.

Nilidhani nimelipata jibu pale askari wa boma walipokuja kutoka Usumbura. Walipita duka kwa duka wakigawa fimbo za kupimia, mti mzuri ulionyooka, umefungwa chuma ncha zote mbili. Karani wao akatusomea kwamba tangu siku ile nguo itapimwa kwa fimbo, mikono basi. Mwenzangu, nilifurahi! Fimbo haina ndefu na fupi. Sudi ataishika, mimi nitaishika, hata mtoto ataishika, na magharibi nitamwomba Bwana Nasoro nikalale kwangu. Usiku ule nilijipangia maneno. Kesho yake bibi wa Kizuka alishuka na wenzake, Sudi akaitoa fimbo kwa madaha. Bibi aliigeuza, akainusa, akairudisha ubaoni. "Hii miti iko ya Muzungu," alisema. "Sisi hatuijue. Haina mama, haina kiwiko. Maboko iko wapi?" Nikamweleza kwamba ni amri. "Sawa," akasema. "Basi shika weye. Na uweke mukono yako kando, tuone kama inasema kweli." Tangu siku hiyo kila mteja nilimpimia mara mbili, kwa fimbo kwa ajili ya boma, na kwa mkono kwa ajili yake. Kazi ilizidi. Jua lilikuwa linatua bado watu wamekaa.

Idi tulifunga duka asubuhi, mchana tukafungua.

Mjomba alifika na mawese yake. Nilisikia habari zake kwa Sudi, kwamba amepokelewa, amelala, amezunguka nyumba, hakusema mengi. Ilipofika siku yake ya kuondoka nilikuwa nimeinama ubaoni tangu asubuhi. Kulikuwa na watu wengi mno, shangwe za mavuno, kila mtu anataka nguo. Nilipima, nikakata, nikakunja. Anayefuata. Nilipima, nikakata. Alasiri ikaadhiniwa, ikapita. Kiganja kingine kikawekwa ubaoni mbele yangu, cha mwanamke, kina hina iliyofifia kwenye kucha, na mimi, bila kuinua uso, nikasema niliyoyasema kutwa: "Unataka nini, mama? Merikani au kaniki?"

"Sitaki nguo," sauti ikasema. "Nimekuja kuaga."

Nikainua macho. Mwamvua alikuwa amejitanda vizuri, kifurushi chake kichwani. Alikuwa amekuja tangu jua liko juu ya vichwa, nilikuja kujua baadaye, na alipotaka kupita mbele, watu walimwambia, "Kaa, mama, sisi wote tunamungoja." Akakaa. Alingoja zamu yake pamoja na watu wa milimani mpaka ilipofika. Ile hina alikuwa ameipaka kwa ajili ya Idi. Sikuwa nimeiona. Nilisimama na ncha ya merikani imebanwa kiwikoni.

Bibi wa Kizuka alikuwa nyuma yake. "Ni nani?" akauliza. "Kwa nini Maboko amekauka?"

"Ni mke wangu," nikasema.

"Ego? Kweli?" Akamgeukia Mwamvua, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kifurushi, kisha akawageukia wenzake akawaambia kwa Kirundi, na baraza nzima ikaguna. "Maboko, weye uko na muke? Sisi tulizani weye ni mutu ya duka. Kama ile mulango. Hatukujua uko na nyumba." Akampiga Mwamvua begani polepole. "Huyu tumekaa naye tangu muchana. Amenipa ndizi yake. Hakusema kama ni muke wako." Kisha akaokota ngozi zake, akazitia kichwani, na mimi nikajua safari aliyoitembea kutoka huko juu. "Genda, Maboko, wende kwako. Tuzogaruka ejo, tutarudi kesho. Tutalala Kizuka, tutakuja asubui." Akashuka barazani. Mwingine akamfuata, na mwingine, wanainama, wanabeba vitu vyao, wananiaga kwa amani, "amahoro, Maboko," "amahoro," kama watu wanaotoka msibani, mpaka baraza ikabaki na maganda ya ndizi tu.

Bwana Nasoro alikuwa amesimama nyuma ya magunia. Aliona duka lake linavyomwagika. Alikuja mpaka ubaoni, mikono kiunoni, akamwambia Mwamvua, "Binti, umenifungia duka mchana kweupe."

"Na wewe, Bwana," Mwamvua akamjibu, hajashusha kifurushi, "umenifungia mume kila usiku."

Nilidhani sasa nitafukuzwa. Bwana Nasoro akakaa juu ya gunia la chumvi, na nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Akautoa ufunguo, akautazama, akamwita Sudi. "Utaweza kulala humu peke yako?"

"Mimi nitaenda wapi, Bwana?" Sudi akasema, na uso wake ulikuwa umeng'aa kabisa. "Nani atanitafuta?" Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kulikuwa na kazi isiyoweza kupewa mwingine.

"Mchukue," Bwana Nasoro akamwambia mke wangu. "Alfajiri umrudishe."

Tulikwenda nyumbani jua bado lipo. Nilikuwa nimesahau jinsi mtaa ule unavyoonekana saa ile, watoto wanaogeshwa, moshi wa jikoni, watu wakiniangalia kama waliomwona mfungwa aliyeachiwa. Mjomba alikuwa uani amekaa juu ya mtungi wake mtupu, safari yake tayari. Mwamvua alikwenda moja kwa moja jikoni. Alishusha kifurushi, akafungua chungu, akapakua ugali, sombe iliyoungwa mawese, na mukeke wawili aliomkaangia mjomba wake ale njiani. Nilikuwa nimeiota ile sahani miezi mingi. Nilikuwa nimejipangia nitasema nini, nitamwomba vipi msamaha, nitamsifu vipi. Nikanawa, nikamega tonge la kwanza, nikachovya. La pili silikumbuki. Wananiambia nililala pale pale, mkono umo ndani ya sahani, kichwa kimeanguka begani kwa mjomba, na nikakoroma. Mwamvua alitaka kuniamsha, kwa aibu. Mjomba akamzuia. Alikaa vile vile bila kusogea mpaka mkono wake ukafa ganzi, kisha akasema, "Mwanangu, nilidhani umeolewa na mtu mbaya. Huyu ni mtu aliyechoka." Alfajiri alipiga kasia kwenda Nyanza peke yake.

Miaka yote Mwamvua alinitania kwa hilo. Wageni wakija alikuwa akisema, "Mimi nilikwenda kumtoa mume dukani, nikarudi na gunia." Nami nilikuwa nacheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na maumivu yake. Sitadanganya kwamba kuanzia pale mambo yalikuwa matamu. Nilifanya kazi dukani mpaka Wabelgiji walipokuja na Bwana Nasoro akarudi kwa wakeze. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa sina maneno, nala, nalala. Lakini nililala kwangu. Watu wa milimani walishika ahadi yao, wakawa wanalala Kizuka na kutufikia asubuhi, na alasiri ikiadhiniwa kulikuwa na mmoja wao wa kusema, "Tumuache Maboko, iko na nyumba." Maduka mengine ya mtaa yakaanza kuona haya kidogo kidogo, nao wafanyakazi wenye wake wakaanza kulala kwao. Hakuna aliyelipigia mbiu jambo hilo. Siku hizi vijana wa maduka wanafunga jioni na kwenda zao, na hawajui kwamba kuna mwanamke aliyekaa foleni kwa ajili ya jambo hilo.

Mwamvua alipofariki, vijana wa msikitini walikuja na robota ya nguo nyeupe kwa ajili ya sanda, na mmoja wao, fundi cherehani, akatoa mita yake ya kitambaa mfukoni. Nikawaambia waiweke. "Mzee, tutapima sisi, wewe kaa upumzike," akasema, kwa adabu. Nikamwambia nitapumzika baadaye. Wakanitandikia mkeka karibu naye. Ngozi ya mikono yangu imelegea sasa, lakini urefu wake haujapungua sana. Nikabana ncha ya nguo kwenye kiwiko, pale pale penye kovu, nikaivuta mpaka kwenye kidole. Yule fundi alinong'ona kwamba nimezidisha, na kweli nilikuwa nazidisha, kila mkono niliuvuta kupita kidole. Waliniacha. Nilipima polepole, nikamtazama usoni kila nilipovuta. Nyuma yake hapakuwa na mteja mwingine.